MAELEZO KUHUSU KUUNGANISHA PROGRAMU ZA OFISI NA MIFUMO YA BIASHARA ILIYO KATIKA WINGU: MFANO WA GHALA LA MAZAO MJINI BABATI

Kutokana na kuongezeka kwa vyama vya ushirika, maduka na ofisi ndogo zinazotunza hesabu zao katika kompyuta zilizo mbali, ambazo watu wamezoea kuziita wingu, imeonekana kuwa ni jambo la manufaa kueleza namna programu moja inavyoweza kupelekeana taarifa na nyingine bila ya karani kunakili takwimu kwa mkono. Maelezo haya yanawahusu wahasibu, makarani wa maghala, viongozi wa vyama na vijana wanaojifunza ufundi wa kompyuta. Mfano uliochaguliwa ni wa mji wa Babati, lakini mafunzo yake yanafaa popote penye mzani, daftari na fedha za watu.

HALI ILIVYO BABATI

Mji wa Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Mji huo uko kando ya Ziwa Babati, mahali ambapo barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma hukutana na ile iendayo Singida. Wakulima wa maeneo yanayouzunguka hulima mahindi, alizeti na mbaazi, na upande wa Magugu hulimwa mpunga.

Kati ya mazao hayo, mbaazi ndiyo inayohitaji kumbukumbu za uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu aghalabu huuzwa nje ya nchi na bei yake hufuata mambo yaliyo mbali na shamba. Mwaka 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei kwa wakulima wa Tanzania ikaporomoka. Katika msimu wa mwaka 2024 Serikali ilielekeza mbaazi na baadhi ya mazao mengine yauzwe kwa mfumo wa stakabadhi za ghala na kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Msingi wa stakabadhi hizo ni Sheria Na. 10 ya mwaka 2005. Kwa utaratibu huo mkulima hupeleka mzigo ghalani, hupimiwa, hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada na malipo. Baina ya siku ya mzani na siku ya malipo, kinachomlinda mkulima ni karatasi aliyonayo mkononi na takwimu zilizoandikwa ghalani.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba karani wa ghala amepokea magunia 12 yenye uzito wa kilo 1,140. Takwimu hiyo huandikwa daftarini, kisha mhasibu huiingiza katika programu ya hesabu, kisha huinakili tena katika orodha ya malipo inayopelekwa benki. Uzito mmoja umeandikwa mara tatu na watu wawili au watatu. Iwapo 1,140 imegeuzwa kuwa 1,410, kilo 270 zimezuka ambazo hazimo ghalani. Na kwa bei ya mfano ya shilingi 1,800 kwa kilo, hizo ni shilingi 486,000. Ikiwa kosa limekwenda upande wa pili, mkulima ndiye atakayepoteza. Kusudio la kuunganisha programu ni kuhakikisha kwamba uzito unaandikwa mara moja tu, mbele ya mwenye mzigo, na kwamba takwimu ile ile ndiyo inayofika kwa mhasibu.

MAANA YA PROGRAMU ZA MSIMBO MCHACHE

Zamani ofisi iliyotaka programu yake yenyewe ilibidi imwajiri fundi aandike msimbo kwa miezi mingi. Siku hizi zipo huduma zinazomwezesha mtu asiye fundi kupanga majedwali, fomu na vitufe kwenye kioo cha kompyuta, na programu ikawa tayari kutumika katika simu au kishikwambi. Huduma za aina hiyo huitwa za msimbo mchache, jina lililoanza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Forrester mwaka 2014. Power Apps ya Microsoft na AppSheet ya Google ni miongoni mwao. Karani mwenye bidii anaweza kujenga fomu ya kupokelea mazao katika siku chache: jina la mkulima, namba ya uanachama, aina ya zao, idadi ya magunia, uzito na tarehe.

Hata hivyo programu ya namna hiyo, ikiachwa peke yake, ni kisiwa kisicho na chombo cha kuvukia. Inajua kilichopimwa, lakini haijui kilicholipwa. Programu ya hesabu iliyo katika wingu nayo inajua kilicholipwa, lakini haijui kilichopimwa. Chombo cha kuvukia baina yake ndicho kiolesura cha programu, ambacho mafundi hukiita kwa herufi tatu, API.

DIRISHA LA KUPOKELEA MAOMBI

Kiolesura cha programu chaweza kufananishwa na dirisha la ofisi. Mwananchi haruhusiwi kuingia katika chumba cha majalada. Huleta fomu dirishani, ofisa huikagua, kisha humpa jibu. Vivyo hivyo programu ya ghala haiingii ndani ya hifadhi ya programu ya hesabu. Hupeleka ombi lenye mambo manne: anuani ya dirisha linalohusika, kitendo kinachotakiwa, yaani kusoma, kuongeza, kurekebisha au kufuta, ufunguo wa kumtambulisha mwombaji, na maelezo yenyewe, ambayo aghalabu huandikwa kwa mpangilio uitwao JSON, wa jina la kila jambo na thamani yake.

Utaratibu unaofuatwa na madirisha mengi ya leo ulielezwa na Roy Fielding katika tasnifu yake ya mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Kila ombi hujitosheleza, na jibu huja na namba ambayo maana yake ni moja popote duniani. Jibu la 200 au 201 ni kukubaliwa. Jibu la 400 ni kuwa fomu imejazwa vibaya. Jibu la 401 ni kuwa ufunguo haukutambuliwa au muda wake umekwisha. Jibu la 404 ni kuwa kinachotafutwa hakipo. Jibu la 429 ni kuwa mwombaji amepeleka maombi mengi kupita kiasi, na jibu la 500 ni kuwa hitilafu iko upande wa ofisi inayoombwa. Mtu anayezifahamu namba hizi hana haja ya kubahatisha. Hujua mara moja kama kosa ni lake au ni la mwenziwe.

MFANO AMBAO WANANCHI WANAUTUMIA TAYARI

Wengi wanautumia utaratibu huu kila wiki bila ya kulijua jina lake. Tangu mwaka 2017 taasisi za umma za Tanzania zimekuwa zikikusanya malipo kwa mfumo wa GePG uliojengwa na Wizara ya Fedha. Mfanyabiashara wa Babati anayelipia huduma ya Serikali hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, kisha hulipa benki au kwa simu.

Nyuma ya namba hiyo upo mlolongo wa maombi na majibu. Mfumo wa taasisi inayodai hutuma bili kwa GePG, ikiwa imetiwa saini ya kielektroniki ili isigeuzwe njiani. GePG hujibu kwanza kwamba bili imepokelewa; baadaye, kwa ujumbe mwingine, huileta namba ya malipo. Mwananchi anapolipa, benki au kampuni ya simu huijulisha GePG, na GePG huujulisha mfumo wa taasisi. Mwisho wa siku hufanyika ulinganishaji wa hesabu, ili malipo yaliyopokelewa na bili zilizofutwa yaonekane kuwa sawa pande zote.

Mambo mawili yapasa kuzingatiwa katika mlolongo huo. La kwanza ni kuwa kupokelewa kwa ombi si sawa na kukamilika kwake. Programu inayodhani kuwa jibu la kwanza ndilo la mwisho itaandika kuwa mtu amelipa wakati bado. La pili ni kuwa habari ya malipo haingoji kuulizwa. Huletwa yenyewe hadi anuani ambayo taasisi imeifungua kwa kazi hiyo, na ni lazima anuani hiyo iwe wazi usiku na mchana. Zanzibar nayo ina mfumo wake wa malipo ya Serikali, ZanMalipo, na mambo haya mawili yanaihusu kila ofisi inayojiunga na mfumo wa aina hiyo.

HATUA ZA KUUNGANISHA GHALA NA HESABU

Kwa ghala la mfano lililotajwa, kazi huanza kabla ya kuigusa kompyuta. Hatua ya kwanza ni kukubaliana ni mfumo upi wenye kauli ya mwisho juu ya kila jambo. Inashauriwa uzito uwe chini ya programu ya ghala, na malipo yawe chini ya programu ya hesabu. Panapokosekana makubaliano hayo, pande mbili hurekebishana bila ya kikomo, na hakuna anayejua lipi ni sahihi.

Hatua ya pili ni kutengeneza jedwali la ulinganisho. Kinachoitwa mkulima katika programu ya ghala huitwa msambazaji katika programu ya hesabu. Kinachoitwa mapokezi huitwa ankara ya manunuzi. Kila safu ya upande mmoja huandikiwa mwenzake wa upande wa pili, na isiyo na mwenzake huamuliwa itakwenda wapi. Jedwali hilo huandikwa kwenye karatasi na kutiwa saini na mhasibu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa na wakaguzi.

Hatua ya tatu ni kuiandikisha programu ya ghala kwa mwenye programu ya hesabu na kupata ufunguo. Mifumo mingi hutumia kanuni za OAuth 2.0, zilizotolewa mwaka 2012, ambapo mwenye akaunti huidhinisha mara moja, kisha programu hupewa kibali cha muda mfupi, aghalabu cha kati ya dakika 30 na saa moja. Kibali kikiisha huombwa kipya bila ya kumsumbua mtu. Faida yake ni kuwa neno la siri la mhasibu halipewi programu yoyote.

Hatua ya nne ni kujaribu kwa takwimu za mfano katika akaunti ya majaribio, na wala si kwa mapokezi halisi ya msimu. Hatua ya tano ni kuuacha utaratibu mpya uende sambamba na daftari kwa wiki kadhaa na kulinganisha jumla za kila jioni. Jumla zikilingana siku zote hizo, ndipo unakili wa mkono unapoachwa.

MAKOSA YANAYOTOKEA MARA KWA MARA

Uzoefu wa kazi hii unaonesha kuwa hasara haisababishwi sana na ugumu wa ufundi. Husababishwa na mambo madogo yaliyopuuzwa, na yafuatayo ndiyo makubwa miongoni mwake:

(a) Kurudiwa kwa ombi. Programu hutuma ankara, mtandao hukatika kabla ya jibu kurudi, kisha programu hutuma tena. Ankara ya kwanza ilikuwa imefika. Sasa zipo mbili, na mkulima mmoja atalipwa mara mbili kutoka katika fedha za wenzake. Dawa yake ni kila mapokezi kuwa na namba ya pekee inayotolewa mzani unaposomwa, na mfumo unaopokea kukataa namba uliyokwisha kuiona.

(b) Namba kuhesabiwa kuwa kiasi. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Programu nyingi za majedwali hutunza kwa usahihi tarakimu 15 za mwanzo tu, na zinazobaki hugeuka sufuri. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sufuri yake ya mbele. Namba hizo zisiwekwe kamwe katika safu ya hesabu. Ziwekwe kama maandishi.

(c) Tofauti ya saa. Kompyuta za wingu aghalabu hutunza saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Lori lililopokelewa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti litaandikwa kuwa lilifika saa nne usiku wa tarehe 31 Julai. Mzigo wa mwezi mmoja umeingia katika hesabu za mwezi mwingine, na taarifa ya mwezi haitalingana na daftari la mlinzi wa lango.

(d) Vipimo visivyotajwa. Gunia si kipimo cha uzito. Ombi lolote linalopelekwa lazima litaje kilo, na idadi ya magunia iwe ni maelezo ya ziada tu.

(e) Msongamano. Mifumo ya wingu huweka kikomo cha maombi, na kwa baadhi yake kikomo hicho ni 60 kwa dakika. Ghala lenye mapokezi 300 yanayosubiri haliwezi kuyatuma yote kwa pamoja. Hupangwa foleni, na kwa kikomo hicho kazi huisha katika muda wa dakika tano bila ya ombi lolote kukataliwa.

PALE MTANDAO UNAPOKATIKA

Hadi katikati ya mwaka 2009 intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi satelaiti. Mwezi Julai mwaka huo waya wa chini ya bahari wa Seacom ulianza kazi, ukafuatiwa na wa EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa wa mawasiliano ukaisambaza huduma hiyo mikoani. Kwa hiyo takwimu iliyoandikwa Babati yaweza kusafiri nchi kavu hadi Dar es Salaam, kisha chini ya bahari hadi kompyuta iliyo Ulaya au Afrika Kusini, na kurudi kabla karani hajaweka kalamu chini.

Lakini njia ndefu ina mahali pengi pa kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Ofisi ambayo programu yake haiwezi kupokea mzigo bila ya mtandao ilikuwa haina la kufanya siku kama hiyo, na mkulima aliyekodi gari hawezi kuambiwa arudi kesho. Hivyo basi programu ya mzani yapasa kuwa na uwezo wa kuandika ndani ya kifaa chenyewe, kuchapa stakabadhi, kuweka maombi katika foleni, na kuyatuma mtandao urejeapo. Daftari la karatasi nalo lisitupwe.

SIRI NA SHERIA

Ufunguo wa kiolesura ni sawa na ufunguo wa sanduku la fedha. Aliye nao anaweza kuandika ankara kwa jina la chama. Usiandikwe ndani ya programu inayosambazwa kwa makarani, usitumwe kwa ujumbe wa simu, na upewe uwezo wa kazi inayohitajika tu: programu inayoongeza ankara haina haja ya kibali cha kufuta. Mtumishi anayehusika akiondoka kazini, ufunguo ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Kadhalika, majina, namba za simu, namba za vitambulisho na akaunti za benki za wakulima ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo pia inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo linalokihusu moja kwa moja chama kinachotumia programu ya wingu ambayo kompyuta zake ziko ughaibuni. Kwa taasisi za umma ipo pia Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao. Taasisi hizo hazina budi kufuata miongozo ya Mamlaka kabla ya kujenga au kuunganisha mfumo wowote.

USHAURI KWA WAHUSIKA

Viongozi wa vyama, wahasibu na mafundi wanashauriwa kuyazingatia mambo yafuatayo kabla msimu haujaanza:

1. Lisiunganishwe jambo lolote ambalo utaratibu wake wa mkono haujaeleweka. Kompyuta hufanya haraka kile inachoambiwa, likiwemo kosa.

2. Kila ombi na kila jibu litunzwe katika kumbukumbu yenye tarehe na saa, ili panapotokea mgogoro paweze kufuatwa hatua kwa hatua.

3. Awepo mtu mmoja mwenye jina, si ofisi kwa ujumla, anayepata taarifa pale ombi linapokataliwa. Ombi lililokataliwa kimya kimya ni mkulima ambaye hatalipwa.

4. Ulinganishaji wa jumla ufanyike kila jioni: idadi ya mapokezi, jumla ya kilo na jumla ya shilingi, upande wa ghala na upande wa hesabu. Pakiwa na tofauti, malipo yasitumwe hadi tofauti hiyo ielezwe.

5. Mkulima apewe stakabadhi iliyochapwa papo hapo, yenye namba ile ile iliyopelekwa katika programu ya hesabu.

Jambo hili la tano lisionekane dogo. Mwenye shamba haoni dirisha, ufunguo wala foleni, na hana haja ya kuviona. Anachokiona ni namba iliyo kwenye karatasi yake. Siku ya malipo anapofika ofisini, karani akaiandika namba hiyo katika kompyuta na zikatokea kilo zile zile alizozishuhudia mzanini, hapo ndipo itakapofahamika kuwa mifumo hiyo miwili imeunganishwa kweli.